Uzi maalumu: Gemu za zamani za kuchomeka kwenye TV – kuchagua, kukagua dukani, kutunza (Dodoma na jirani)

Zabibu8bit

Habari za jioni wakuu.

Uzi huu ni wa vimashine vya gemu vya kuchomeka na kucheza, yaani vile vyenye gemu ndani tayari. Unachomeka kwenye TV, unawasha, unacheza. Hakuna kupakua kitu, hakuna akaunti wala bando. Maswali yake yametapakaa kwenye nyuzi za TV na za simu, tuyakusanye hapa.

Jambo la kwanza kabla ya yote: namba ya gemu iliyoandikwa kwenye boksi iweke pembeni. 620, 10000, 9999999, haikusaidii kuchagua. Cha kuuliza ni nini kimekaa ndani ya plastiki na kinatoa picha kwa njia gani. Kwa ndani mashine hizi ni za aina tatu.

Kuna zenye chipu moja iliyobeba NES nzima, ile mashine ya gemu ya zamani ya Nintendo. Nintendo waliitoa kwa jina la Famicom huko Japani mwaka 1983, ikiwa na prosesa ya ukoo wa 6502 inayokwenda megahezi 1.79 na chipu nyingine ya picha. Watengenezaji wa Taiwan, UMC wakiwemo, walizinakili chipu hizo mbili, na baadaye zikaunganishwa kuwa kipande kimoja. Ukifungua mashine ya bei ya chini unakuta ubao mdogo wenye tone jeusi la gundi katikati. Hilo tone ndiyo mashine yenyewe. SUP ya mkononi, ile ndogo ya 620 yenye sura ya NES, na hata zile zilizoandikwa Terminator zenye umbo la Mega Drive ya Sega, ndani ni hiyo hiyo NES.

Kuna zilizotengenezwa kwa leseni na wenye majina yao, ambazo ni kompyuta ndogo ya Linux yenye emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani. NES Classic (Novemba 2016, gemu 30), SNES Classic (Septemba 2017, gemu 21), PlayStation Classic (Desemba 2018, gemu 20), Mega Drive Mini (Septemba 2019, gemu 42). Hizi zote zinatoa HDMI na zinakula volti 5 kwa waya wa micro USB.

Halafu kuna stiki za HDMI zinazoletwa na pedi mbili zisizo na waya. Kwa ndani ni ndugu wa kundi la pili, ila hazina leseni, na gemu zake zimekaa kwenye memori kadi. Kadi hiyo ndiyo inayozitesa. Tutaifikia.

Jina la nje linaweza kukudanganya hata kwa kampuni kubwa. Atari Flashback ya mwaka 2004 ina sura ya Atari 7800, lakini ndani walitumia chipu ya NES na gemu zikaandikwa upya ili zikae humo. Flashback 2 ya mwaka 2005, chini ya mhandisi Curt Vendel, ndiyo iliyopewa chipu inayofanya kazi kama Atari 2600 kweli. Mtu akikuuzia "Flashback", uliza ya ngapi.

Kuchagua kunaanzia nyuma ya TV yako, siyo dukani. Piga picha matundu ya TV kwa simu, nenda nayo.

---

Nkuhungu_Pedi

Asante mkuu kwa uzi. Swali: TV flati nyingi za sasa hazina yale matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu. Zina kitundu kimoja kama cha earphone kimeandikwa AV IN. Ile 620 yenye waya wa AV itakaa vipi hapo?

---

FundiRisasi

Inakaa, ila unahitaji waya wa kuunganishia: upande mmoja una pini ya milimita 3.5 yenye pete tatu nyeusi, upande wa pili una matundu matatu ya rangi. Tatizo ni kwamba watengenezaji hawakukubaliana mpangilio wa nyaya kwenye ile pini. Waya uliokuja na TV moja unaweza usifanye kazi kwenye TV nyingine.

Namna ya kujua: chomeka, washa mashine, chagua AV kwenye TV. Ukisikia mlio mbaya wa kukwaruza kwenye spika na picha haipo, picha imeingia kwenye njia ya sauti. Usirudishe waya dukani bado. Toa plagi ya njano, ichomeke kwenye tundu jekundu, halafu jeupe. Mara nyingi picha inatokea, na sauti unaimalizia kwenye tundu lililobaki. Kama umejaribu matundu yote matatu na picha haitulii, basi hata ardhi ya waya ipo kwenye pete nyingine, na hapo kubadilisha rangi hakutasaidia. Tafuta waya wa TV yako.

Kuna TV nyingine zina matundu matano ambapo la kijani limeandikwa Y/VIDEO. Plagi ya njano inaingia hapo kwenye kijani. Picha ikija nyeusi na nyeupe, TV inadhani umeleta component (picha iliyogawanywa kwenye nyaya tatu), nenda kwenye menyu ya vyanzo uchague AV.

---

MtaaWaMakole

Hapo kwenye picha nyeusi na nyeupe ongeza la PAL na NTSC, yaani mifumo miwili ya rangi za TV, maana linachanganya watu kila siku.

Tanzania tupo PAL, hezi 50. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani au Japani ni NTSC, hezi 60. Joystick zenye gemu ndani za kampuni ya Jakks Pacific zinazokuja na mizigo ya mitumba nyingi ni za Marekani. Kwenye TV ya chogo ya PAL peke yake zinatoa picha isiyo na rangi au inayopanda juu bila kusimama. TV nyingi za Asia zilizouzwa kwetu zinapokea yote mawili, ila ziwe zimewekwa sawa: menyu, mfumo wa rangi, chagua AUTO au NTSC 3.58. Kabla hujaitupa joystick, pita hapo.

Kasi nayo ni suala. Mashine za chipu moja za PAL zinaendesha gemu zile zile za Japani kwa picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Hiyo ni asilimia 17 polepole. Prosesa yake iliwekwa megahezi 1.77, karibu sawa na ya Japani, ndiyo maana sauti ya muziki haishuki sana ila mwendo wake unavuta. Mtu aliyezoea kasi hiyo tangu utotoni akicheza toleo la hezi 60 anaona Mario anakimbia kupita kiasi. Hakuna kilichoharibika.

Na hili halikuwaacha wakubwa. PlayStation Classic hata ile ya Marekani, gemu 9 kati ya 20 ni za PAL, Tekken 3 ikiwemo. Kama unainunua kwa ajili ya Tekken 3 tu, ujue unapata ile ya hezi 50.

---

Zabibu8bit

@MtaaWaMakole hilo la Tekken ndilo lililoishusha PS Classic machoni pa watu. Ilitoka kwa dola 99.99 na bei ikaanguka ndani ya muda mfupi. Pedi zake pia ni za muundo wa mwanzo, hazina vijiti vya analogi. Ubora wake upo kwenye pedi zenyewe kuwa za USB ya kawaida: zinaingia kwenye kompyuta bila kibadilishi chochote.

SNES Classic kwangu ndiyo bora katika kundi la leseni. Gemu 21 tu, lakini karibu zote ni za kukaa nazo, pedi mbili zimo ndani ya boksi, na ina Star Fox 2 ambayo ilikamilika miaka ya 90 ikafungiwa kabatini hadi 2017. NES Classic ilikuja na pedi moja na waya mfupi wa kama sentimita 75, yaani unakaa karibu na TV kama unasoma maandishi madogo. Ya SNES ni karibu mara mbili ya hapo.

Mega Drive Mini tundu lake la kaseti ni pambo, usilazimishe kaseti. Matoleo ya Ulaya na Marekani yana pedi za vitufe vitatu. Kwa gemu za kupigana utatamani za vitufe sita.

---

Chamwino_AV

Wakuu, hapa mjini ukiulizia NES Classic unaletewa ya 620 kwa maneno mazuri. Muuzaji anaapa ni original. Tunatofautishaje haraka bila kuifungua?

---

FundiRisasi

Geuza nyuma. Original ina tundu la HDMI na la micro USB. Ukiona matundu ya AV ya duara, siyo original, hakuna mjadala.

Angalia tundu la pedi kwa mbele. Original ina tundu la kisasa lililobapa, lile lile la nyongeza za Wii. Ya 620 ina plagi ya pini 9 kama ya Sega. Na hapa tahadhari: umbo la pini 9 linafanana na la Mega Drive na Atari lakini nyaya zake ni tofauti. Kwenye mashine za kuiga NES umeme wa volti 5 upo pini ya 6, kwenye Mega Drive upo pini ya 5. Usichomeke pedi ya Sega humo kwa kujaribu.

Kuna nakala nyingine zina HDMI. Hizo washa uangalie menyu. Original ni gemu 30, zina picha za maboksi zinazoteleza kushoto na kulia, na kila gemu ina nafasi 4 za kuhifadhi ulipofikia. Nakala inakupa orodha ya maandishi yenye namba pembeni.

Simaanishi 620 ni mbaya. Kwa mtoto anayeanza na nyumba yenye TV ya chogo inafaa kabisa. Ilipwe bei ya 620 tu.

---

Zabibu8bit

Na ukiwa umesimama pale dukani, kabla hujatoa hela, fanya haya. Muuzaji anayekataa kuwasha, hama meza.

Usikague gemu ya kwanza kwenye orodha, hiyo siku zote ni nzuri. Ruka: fungua namba 1, 50, 120, 300, 550. Kwenye zile za 9999999 utakuta ni gemu kadhaa tu zinazojirudia kwa majina mengine au kuanzia hatua ya mbele. Kwenye 620 gemu ni tofauti kweli lakini nyingi za mwishoni ni za kujazia, sauti ile ile, mhusika kabadilishwa sura.

Pedi: shikilia kulia huku ukibonyeza A na B pamoja. Pedi mbovu inasahau kulia. Zungusha mshale wote, halafu kunja waya taratibu pale unapoingia kwenye pedi na pale unapoingia kwenye plagi. Mhusika akisimama ghafla, waya umekatika ndani.

Sikiliza muziki. Chipu nyingi za kuiga zimebadilishana upana wa mawimbi mawili ya sauti, kwa hiyo wimbo unatoka na sauti ya puani au nyembamba kuliko wa asili. Hiyo haitengenezeki, ni ya chipu. Kama sikio lako linajali, utaijua hapo hapo.

Mwisho iache imewashwa robo saa huku mnapatana bei. Ikianza kutoa mistari au kujizima, joto limeifikia.

---

KaseTiKondoa

Tuje kwenye umeme wa zile kubwa za kuiga Famicom zenye tundu la kaseti za gemu, za adapta ya volti 9. Hizo ndizo zinazoungua zaidi huku kwetu, na sababu siyo TANESCO peke yake.

Famicom ya asili inatumia volti 10 DC, miliampea 850, na katikati ya plagi ni HASI. Nyingi za kuiga zilifuata hivyo hivyo. Adapta za kawaida za sokoni, zile za kuchagua volti kwa swichi, mara nyingi huja katikati chanya. Soma mchoro mdogo wa duara kwenye mashine na kwenye adapta, vilingane. Kama mashine haina mchoro, mpe fundi mwenye mita aangalie ubao: waya wa ardhi wa ubao unaenda wapi kwenye tundu, dakika moja amemaliza.

Kosa la pili ni kupandisha volti "ili ipate nguvu". Ndani kuna kirekebishi cha miguu mitatu, 7805, kinachoshusha chochote kinachoingia kuwa volti 5, na tofauti yote inageuka joto. Mashine ikila miliampea 300 kwa volti 9, kinatupa wati 1.2. Ukiweka volti 12 kinatupa wati 2.1, na kibati chake cha kupozea mara nyingi ni kipande kidogo kama stempu. Kinajizima, unasubiri, kinarudi, baadaye hakirudi. Usishuke chini ya volti 7 pia, hakitapata nafasi ya kurekebisha na picha itajaa mawimbi. 7805 inapatikana kwa fundi redio yeyote na kuibadilisha ni kuchomelea miguu mitatu.

Za volti 5 za USB ni rahisi: chaja nzuri ya simu ya ampea 1 inatosha. Umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi ndipo unapopiga.

---

UbuyuNaPixel

Mada nzuri. Mimi ni dada niliyeko Mpwapwa, nataka stiki ya HDMI yenye pedi mbili. Naona malalamiko mengi kuwa zinakwama kwenye nembo baada ya miezi michache. Je, ni za kukwepa kabisa?

---

MtaaWaMakole

Karibu dada. Siyo za kukwepa, ila inunue ukijua kuwa utabadilisha kadi. Ilete kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kabla ya kadi, chunguza umeme. Watu huchomeka waya wake kwenye USB ya TV. USB 2.0 ya kawaida inatoa miliampea 500, na stiki ikifungua gemu nzito inahitaji zaidi. Matokeo yake inajiwasha upya katikati ya mchezo au inakwama kwenye nembo. Tumia chaja ya ukutani ya volti 5, ampea 1 au zaidi. Stiki nyingi zinazoitwa mbovu zinapona hapo.

Kama bado, ni kadi. Kadi zinazokuja nazo ni za bei ya chini kabisa, na nyingine zinadai ukubwa zisiokuwa nao. Fanya hivi ikiwa bado inasomeka, na ni vizuri kuifanya siku ile ile unayonunua:

1. Zima stiki, toa waya wa umeme, ndipo utoe kadi. Kuitoa ikiwa imewashwa kunaharibu mafaili.
2. Iweke kwenye kompyuta kwa kisomeo cha kadi. Windows inaweza kukuambia kadi inahitaji kuformatiwa. BONYEZA CANCEL. Ndani kuna sehemu za Linux ambazo Windows haizisomi. Ukikubali umefuta kila kitu.
3. Fungua Win32 Disk Imager, chagua herufi ya kadi, andika jina la faili, bonyeza Read. Hii inanakili kadi nzima kama ilivyo kwenye faili moja, ndiyo inaitwa taswira. Kukopi mafaili kwa mkono hakutoshi kwa zile stiki ambazo mfumo wenyewe upo kwenye kadi.
4. Kadi mpya ipime kwanza kwa programu ya H2testw. Inajaza kadi na kusoma tena. Kwa gigabaiti 64 inaweza kuchukua saa kadhaa, iache. Ikionyesha kosa, irudishe dukani siku hiyo hiyo.
5. Andika ile taswira kwenye kadi mpya kwa Write. Kadi mpya iwe sawa au kubwa zaidi kwa idadi ya baiti, siyo kwa maandishi. Kadi mbili za "64" zinaweza kupishana kidogo na programu ikagoma. Ukinunua ya ukubwa unaofuata unaepuka hilo.

Faili lile la taswira litunze kwenye flashi au kompyuta. Kadi ikifa tena mwakani unaandika upya, umemaliza.

---

Nkuhungu_Pedi

Na pedi za stiki? Zinachelewa sana, unabonyeza kuruka mhusika anaruka ameshaanguka shimoni.

---

Zabibu8bit

Mambo matatu, yaangalie kwa mpangilio huu.

TV kwanza. TV flati inachakata picha kabla ya kuionyesha. Washa hali ya gemu kwenye menyu ya picha, zima vilainishi vyote vya mwendo. Tofauti unaiona papo hapo.

Pili kipokezi cha USB. Pedi hizi zinatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, sawa na Wi-Fi nyingi. Stiki ikiwa imejificha nyuma ya TV, bati la TV limekaa kati yako na kipokezi. Tumia kile kiungio kifupi cha HDMI kilichokuja nayo, uilete stiki ubavuni mwa TV. Rauta isogee mbali.

Tatu betri. Ni AAA mbili. Zile za bei ya chini kabisa zinashuka volti mapema na pedi inaanza kukosa mibonyezo kabla haijazima. Weka alkaline.

Kama unatumia kiboksi cha kubadilisha AV kwenda HDMI kwa mashine ya zamani, hicho nacho kinaongeza kuchelewa. TV ikiwa na AV yake, tumia hiyo.

---

Chamwino_AV

Nyongeza kwenye viboksi: vipo viwili vinavyofanana kama mapacha, kimoja kinapokea AV kutoa HDMI, kingine kinapokea HDMI kutoa AV. Hakuna kinachofanya kazi pande zote mbili. Mwenye TV ya chogo na stiki anahitaji kile ambacho tundu la HDMI limeandikwa INPUT. Kina swichi ya PAL/NTSC ubavuni, na kinahitaji volti 5 ya kwake. Maandishi madogo ya menyu yataonekana yamefifia kidogo, gemu zenyewe zitakuwa safi.

---

KaseTiKondoa

TV za chogo msizitupe wakuu. Bunduki ya Duck Hunt, ile gemu ya NES ya kupiga bata, inafanya kazi kwenye chogo tu. Ukivuta kifyatulio skrini inakuwa nyeusi kwa fremu moja, kisha sanduku jeupe linachorwa pale alipo bata, na jicho la bunduki linatafuta mwanga ule kwa wakati ule ule, ukipepesa kwa kasi ya mistari ya chogo ya kama kilohezi 15. TV flati haina mpepeso huo na picha yake imechelewa. Bunduki inayokataa kwenye flati haijaharibika, na hakuna fundi atakayeitengeneza.

Tukiwa kwenye kaseti: vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi linaingia kila mahali. Kaseti isiposoma, usipulize kwa mdomo. Mate yana unyevu, shaba ya meno inaota kutu ya kijani. Chukua pamba ya masikio na ile spiriti ya isopropili wanayotumia mafundi simu, sugua meno kwa urefu, subiri dakika tano, jaribu. Meno yakiwa meusi kabisa, ufutio mweupe wa penseli kidogo halafu spiriti. Spiriti ya vidonda ya duka la dawa haifai, nyingine zina mafuta yanayobaki kama utando.

Kaseti za Famicom na za kuiga Famicom ni za pini 60. Za NES ya Marekani na Ulaya ni pini 72, haziingiliani bila kiunganishi.

---

UbuyuNaPixel

Asanteni sana, hatua za kadi nimezihifadhi. Vipi kwa nyumba za kijijini zisizo na gridi, zenye sola na TV ya volti 12?

---

FundiRisasi

Mashine za volti 5 zinafaa sana huko dada. Tumia chaja ya gari, ile ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti, ioneshe inatoa volti 5 na angalau ampea 1. Inaungwa kwenye betri ya volti 12 kupitia fyuzi. Usiunge mashine ya volti 9 moja kwa moja kwenye betri, sababu KaseTiKondoa ameshaieleza kwenye 7805, na betri ikiwa inachajiwa na sola inapita volti 14.

Power bank nayo inatosha. Ya miliampea saa 10000 ina wati saa 37 kwa ndani. Toa hasara za ubadilishaji, hesabu kama 31. Mashine inayokula wati 2.5 inakaa saa 12 hivi. Baadhi ya power bank hujizima zikiona matumizi ni madogo mno. Kwa mashine ndogo ya chipu moja hilo hutokea. Chomeka na taa ndogo ya USB kwenye tundu la pili, inatulia.

---

MtaaWaMakole

Kwa wanaokusanya na siyo kucheza tu, maoni yangu. Msikusanye kwa wingi. Chipu moja ya NES ikiwa katika maumbo kumi bado ni chipu moja. Shika moja nzuri ya chipu moja, moja ya leseni kwa kila familia unayoipenda, na zile zenye uhandisi wake: Flashback 2, au C64 DTV ya 2004 ambayo Jeri Ellsworth aliitengeneza ikiwa na Commodore 64 nzima, kompyuta ya zamani, ndani ya joystick, gemu 30. Hizo mbili zina vitu vya kujifunza ukizifungua.

Joystick za betri, toa betri kabla ya kuweka kabatini. Betri ikivuja inakula sahani za mguso na unga mweupe unapanda hadi kwenye ubao. Ukikuta unga, siki kidogo kwenye pamba kwa betri za alkaline, kisha spiriti, kausha.

Jua ni adui wa plastiki ya kijivu na nyeupe, inageuka njano. Isikae karibu na dirisha la magharibi. Boksi lake lisikae sakafuni. Mfuko wa nailoni uliofungwa usiuweke wakati wa mvua, unyevu ukishaingia hautoki. Kitambaa cha pamba juu yake kinatosha kwa vumbi.

---

Nkuhungu_Pedi

SUP ya mkononi imeanza kuzima baada ya dakika kumi. Inafaa kutengeneza au ndiyo basi?

---

Zabibu8bit

Inatengenezeka bila fundi. Fungua mfuniko wa nyuma: betri yake ni BL-5C, ile ya Nokia za vitochi, volti 3.7. Ipo kwenye kila duka la simu kuanzia Majengo hadi Manyoni. Iliyokuja nayo huwa dhaifu, nzuri ni ya miliampea saa 1020. Iliyovimba usiichaji tena.

Ukinunua nyingine, iweke juu ya meza bapa na uizungushe. Ikizunguka kama pia, tumbo limeshaanza kuvimba, omba nyingine. Kisha futa vile vijino vya mguso ndani ya SUP kwa spiriti, viinue kidogo kwa ncha ya bisibisi vigusane vizuri na betri. Betri mpya ikiwekwa na bado inazima ukiitikisa, tatizo ni vijino hivyo, siyo betri.

---

KaseTiKondoa

Na kitufe kimoja kikikataa kwenye SUP au kwenye pedi ya waya, mengine yote yakiwa sawa, ni raba ya kaboni iliyo chini yake. Fungua skrubu, toa raba, futa duara jeusi na ubao kwa pamba kavu, spiriti kidogo kwenye ubao tu. Vitufe VYOTE vikikataa kwa pamoja, usiguse raba. Pedi ya NES ina nyaya tano tu: umeme, ardhi, na tatu za kupeleka taarifa. Mmoja umekatika. Pima kwa mita kutoka kwenye pini hadi kwenye ubao, na anza sentimita tano za mwanzo kutoka kwenye pedi. Ukikuta sehemu iliyokatika hapo, kata kipande hicho, chomelea upya kwa kufuata rangi, funga fundo la waya ndani ya pedi kabla ya kurudisha skrubu ili mvuto usifike kwenye risasi.